Tairi na Rimu za Gari la Zamani: Soma Dalili Kabla Hujatoa Pesa

Kwa wenye magari ya zamani hapa Kampala, kila kasoro ina maelezo mamoja: limezeeka. Usukani mzito, limezeeka. Linatetemeka kwenye Northern Bypass, limezeeka. Kisha unainama kuchungulia, unakuta Beetle ya mwaka 1966 imevalishwa tairi la 195/65R15, saizi ya Toyota Wish, juu ya rimu yenye upana wa inchi 4. Dukani mwenye gari aliulizwa swali moja tu, "inchi ngapi?", akajibu 15, na tairi likaingia. Kuingia liliingia. Ila tairi hilo linataka rimu ya inchi 5.5 kwenda juu, limeizidi 165R15 inayolifaa gari hilo kwa upana wa milimita 30, na kimo chake ni kifupi kuliko cha tairi ambalo gari lilizaliwa nalo.

Msimamo wangu nautoa mapema: gari la kabla ya mwaka 1980, karibu kila mara, linataka tairi jembamba na refu juu ya rimu yake ya chuma. Si kwa ajili ya picha za harusi tu. Springi, usukani, beringi na gia zake zilipigiwa hesabu juu ya tairi la namna hiyo. Ndiyo maana dalili nyingi zilizo hapa chini, ukizifuatilia, zinakurudisha kwenye duka la tairi na si kwenye injini wala kwenye umri wa gari.

Soma maandishi kwanza

Huwezi kutafuta chanzo kabla hujajua gari limevaa nini na lilipaswa kuvaa nini. Ubavuni mwa tairi utakuta mojawapo ya miandiko mitatu. 5.60-15 ni krosplai, yaani lile la nyuzi zinazopishana kimshazari: upana inchi 5.60, rimu inchi 15, na kimo cha ubavu hakikuandikwa kwa sababu kilikuwa kinakaribiana na upana. 165R15 ni radiali ya zamani: upana milimita 165, na kwa kuwa hakuna namba ya pili, hesabu kimo cha ubavu kuwa kama asilimia 80 ya upana. 195/65R15 ni ya kisasa, na hiyo 65 ndiyo asilimia yenyewe.

Kimo cha tairi zima unakipata hivi: chukua upana, zidisha kwa asilimia, zidisha mara mbili, halafu jumlisha rimu kwa milimita (inchi moja ni milimita 25.4). Kwa 175R14, 175 × 0.80 ni 140; mara mbili ni 280; ongeza 355.6 za rimu, unapata karibu milimita 636. Hesabu hii iweke kwenye simu, utaihitaji ukiwa mbele ya muuza tairi.

Wenye Peugeot na Citroën za miaka ya 1950 na 1960 wana mtego wao. Wafaransa waliandika rimu kwa milimita. 165-380 ni rimu ya milimita 380, ambayo kwa vitendo ni inchi 15, kwa hiyo 165R15 inakaa. Lakini 165-400 ni inchi 15.75: si 15, si 16, na hakuna tairi la kawaida linaloikubali. Fundi akikwambia "tutalazimisha", chukua gari lako uondoke.

Saizi za awali za magari ninayoyaona zaidi huku ni hizi:

- VW Beetle: 5.60-15, baadaye 155R15 au 165R15
- Peugeot 504 saluni: 175R14, pikapu 185R14
- Mercedes W123: 175R14, nyingine 195/70R14
- Land Rover Series, ile fupi ya 88: 6.00-16, ndefu ya 109: 7.50-16
- Morris Minor ya miaka ya 1960: 5.20-14, au radiali ya 145R14
- Mini ya kwanza: 5.20-10, au 145R10
- Toyota Corolla KE70: 155R13

Kwenye rimu yenyewe, sugua kutu upande wa ndani utafute upana (kwa mfano 4½J × 15) na herufi ET. ET ni ofseti: umbali wa milimita kati ya katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Namba hiyo watu wengi hawaiulizi, na ndiyo inayoharibu mambo mengi.

Dalili: usukani mzito ukipaki, na gari linafuata mifereji ya lami

Anza na upepo. Tairi lenye upepo mdogo hulaza ubavu na kuongeza uzito wa usukani. Jaza, jaribu tena, ndipo uendelee. Ukiona bado, inua mbele kwa jeki mpaka tairi zote mbili zining'inie, uzungushe usukani. Ukiwa mwepesi hewani na mzito ardhini, boksi ya usukani na boljointi huenda ni nzima; kinachokushinda ni mpira unaokanyaga chini. Ukiwa mzito hata hewani, ugomvi wako ni na kingpini (pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia) zisizopata grisi, na hakuna tairi litakalokusaidia.

Mengi ya magari haya hayana pawa stelingi. Mwenye kuyabuni alijua dereva atazungusha kwa mikono yake, akampa tairi la milimita 155 au 165. Ukiweka 195, uzani wa gari ni uleule lakini alama inayokanyaga ardhi inakuwa fupi na pana, na kila inapogeuzwa papo hapo inasuguana zaidi. Barabarani, upana huohuo unashika mifereji iliyochimbwa na malori. Tembea barabara ya Jinja sehemu zile ambazo trela zimebonyeza lami, utaona Morris yenye tairi pana inavyotapatapa huku yenye 145 inapita katikati bila habari.

Kuna chanzo cha pili, kimejificha zaidi. Ukibadili ofseti ya rimu za mbele, unahamisha mahali tairi linapokanyaga kutoka kwenye mstari wa kingpini. Rimu ikitoka nje sana, kila jiwe unalokanyaga linavuta usukani mkononi. Mwenye gari la namna hiyo anakwenda kubadilisha tairodi endi (ncha za vyuma vya usukani) mara mbili, tatu, na gari liko vilevile.

Dawa ni kurudi kwenye upana wa awali, au kutozidi milimita 10 juu yake. Kwa saizi ya 155R13 hii ni rahisi: 175/70R13 ina kimo cha milimita 575 dhidi ya 578, inapatikana kila mahali, na ule upana wa ziada wa milimita 20 Corolla ndogo inaubeba bila kulalamika sana. Huo ni msamaha mmoja. Usiugeuze kuwa sheria.

Dalili: Beetle inarukaruka mbele na mkia unaponyoka kwenye kona

Hapa tatizo mara nyingi ni mwenye kompresa. Mazungumzo huwa hivi:

"Ssebo, mbele niweke ngapi?"

"Kumi na nane."

"Kumi na nane? Hiyo ni pancha, mzee wangu." Anacheka, anaweka 35 mbele, 35 nyuma, na tairi la akiba pia.

Beetle ina injini nyuma. Mbele ni nyepesi, na Volkswagen walitaka upepo mdogo mbele na mwingi nyuma: kwa radiali ni karibu psi (kipimo cha upepo) 18 mbele na 27 nyuma, kwa krosplai mbele hata chini ya hapo kidogo. Ile tofauti kati ya mbele na nyuma ndiyo inayolifanya gari lishike kona kwa adabu. Ukisawazisha zote kwa 35, mbele kunadunda juu ya kila kokoto, breki zinafunga tairi mapema, na nyuma ndiko kunakotangulia kuachia. Kwa zile zenye ekseli za kubembea, ambazo tairi la nyuma hujikunja chini gari linapoinuka kwenye kona, hilo si jambo la kuchezea kwenye miteremko ya Kabale wakati wa mvua.

Nunua kipimo chako cha upepo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kabla hujatoka nyumbani, na simama pale kompresa inapofanya kazi.

Dalili: linayumba kwenye mvua au murramu, kana kwamba mbele na nyuma hazijaafikiana

Soma ubavu wa tairi zote. Ukikuta zenye R na zisizo na R kwenye gari moja, umepata. Radiali hushika barabara ikiwa imejipinda kidogo. Krosplai inahitaji kujipinda zaidi ndipo ishike. Ukizichanganya kwenye ekseli moja, kushoto na kulia zinavutana. Ukiweka radiali mbele na krosplai nyuma, mbele kutashika na nyuma kutaondoka.

Wagonjwa wakubwa wa hili ni Land Rover, kwa sababu tairi za inchi 16 za malori madogo zipo za aina zote mbili na mtu hununua mojamoja kadiri pesa inavyopatikana. Bora zote nne ziwe aina moja. Ikiwa lazima kuvumilia mchanganyiko kwa muda, radiali zikae nyuma, krosplai mbele, na kamwe si kinyume chake. Na usisahau tairi la akiba: ukipata pancha huko Karamoja, hilo ndilo litakalolala ekseli moja na wenzake.

Dalili: tairi linagusa madigadi au kitu cha ndani

Swali la kwanza ni linagusa lini. Likigusa unapokata kona yote, ni mbele na ni upana au ofseti. Likigusa unaporuka matuta ukiwa na abiria nyuma, angalia springi kwanza. Jani lililovunjika au springi iliyolala inashusha gari na kulisingizia tairi. Paka chaki kwenye mabega ya tairi, zunguka mtaani, urudi uangalie chaki imefutika wapi. Njia hii inashinda kubahatisha kwa tochi.

Chaki ikifutika upande wa ndani, karibu kila mara ni rimu ya gari la kisasa. Magari ya zamani yanayosukumwa na tairi za nyuma yalikuja na ofseti ndogo. Corolla za kisasa zinazovutwa na tairi za mbele zina ofseti kubwa. Tuseme rimu yako ya awali ilikuwa ET15 na wewe umeweka ET38 ya upana uleule: gurudumu limeingia ndani kwa milimita 23. Hapo linabusu springi au tairodi. Isitoshe, Corolla za zamani kama KE70 zina nati nne kwenye duara la milimita 114.3, ilhali AE100, inayovutwa na tairi za mbele, ina duara la milimita 100. Nimeona rimu zilizochongwa matundu mapya ili zikubali. Rimu ya namna hiyo ni chuma chakavu, hata kama imepigwa rangi ya fedha ikang'aa.

Kisha huja spesa. Bamba jembamba la milimita 5 nyuma ya rimu linaonekana halina dhara, lakini linakula nyuzi za stadi, yaani boliti zinazotoka kwenye habu. Nati inatakiwa ishike nyuzi kwa urefu usiopungua kipenyo cha stadi yenyewe: stadi ya milimita 12, nati iingie walau milimita 12. Ukishindwa kufika hapo, badilisha stadi ziwe ndefu au ondoa spesa. Mimi ningeondoa spesa, nikatafuta rimu yenye ofseti sahihi pale Kisekka au Ndeeba. Rimu za chuma za magari ya kale bado zinalala kwenye marundo, na bei yake huwa chini ya zile za spoti kwa sababu hakuna anayezigombea.

Chaki ikifutika upande wa nje, rimu imetoka sana au ni pana mno. Kukunja mdomo wa madigadi kwa nyundo kunafanyika kila siku Katwe, na kila siku kunapasua rangi na kualika kutu. Ukikunja chuma cha asili cha Cortina ili kiridhishe rimu ya mkopo, umepindua mambo.

Dalili: linatetemeka

Wakati wa kutetemeka unasema zaidi kuliko ukubwa wake.

Linatetemeka unapoondoka asubuhi kisha linatulia baada ya kilomita kadhaa: tairi lilikaa muda mrefu mahali pamoja likapata bapa. Gari la Jumapili lina ugonjwa huu kwa asili. Kabla ya kuliacha wiki nyingi, ongeza upepo kidogo, au lisogeze nusu mzunguko kila unapopita karibu nalo. Bapa lisipopotea hata baada ya kulitembeza hadi Mukono, tairi limeshakauka.

Linatetemeka kati ya kilomita 70 na 100 kwa saa pekee: balansi, au rimu iliyopinda. Usikimbilie balansi. Inua gurudumu, chomeka bisibisi kwenye kipande cha mbao kikaribie ukingo wa rimu, halafu zungusha polepole. Nafasi ikibadilika zaidi ya milimita 2, rimu imepinda na hakuna risasi ya kuibandika itakayoinyoosha. Barabara zetu zinapinda rimu za chuma, hilo si ajabu. Uzuri wake ni kwamba chuma hunyooshwa kwenye mashine, wakati rimu ya aloi iliyopasuka haishonwi ikabaki salama.

Rimu imenyooka, balansi imefanywa, bado inatetemeka? Tazama tundu la katikati. Mercedes hukalisha rimu kwenye habu yenyewe, na tundu la W123 ni la milimita 66.6 hivi. Rimu ya dukani yenye tundu la 73 inaning'inia kwenye boliti tu, na boliti haziwezi kuiweka katikati kila mara. Zipo pete za plastiki au alumini za kujaza nafasi hiyo, na hapa pete ni tiba ya halali.

Linatetemeka kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 40 kwa saa, na unahisi kama gari linachechemea: pitisha kiganja juu ya uso wa tairi. Ukikuta uvimbe, waya za ndani zimeachana na mpira. Tairi hilo lisirudi barabarani, hata kwenda gereji. Weka la akiba hapohapo.

Linatetemeka ukikanyaga breki tu: si tairi. Ni diski au drumu.

Land Rover Series ina yake: usukani unaanza kutikisika ghafla ukipiga shimo, na hauachi mpaka upunguze mwendo sana. Tairi zilizolika vibaya huchokoza hali hii, ila mzizi huwa kwenye pini za swivo (maungio ya kugeuzia gurudumu la mbele) zilizolegea au beringi za gurudumu.

Dalili: nati au boliti zinalegea

Simama hapa, kwa sababu dalili hii ndiyo inayoua. Kagua umbo la kichwa cha boliti pale kinapogusa rimu. Beetle na Mercedes zinatumia boliti zenye kitako cha mviringo. Rimu za chuma za Toyota zinatumia nati zenye kitako cha koni. Boliti ya koni kwenye tundu la mviringo inagusa kwa ukingo mwembamba tu. Unaikaza mpaka mshipa wa shingo unatoka, na baada ya muda imelegea yenyewe. Hakuna gundi wala washa itakayorekebisha hilo.

Pia urefu. Rimu za aloi za Mercedes zinahitaji boliti ndefu kuliko za chuma. Wengi hununua rimu bila boliti zake, wakatumia fupi zilizokuwepo, nazo zinashika nyuzi chache tu. Kwa Beetle, kumbuka kwamba zile za boliti tano zina boliti za milimita 12 na zile za baadaye za boliti nne ni za milimita 14. Na rangi: rimu iliyopigwa rangi nene mpaka kwenye uso unaokutana na habu italegea rangi inapobonyea. Kwangua sehemu hiyo ibaki chuma kitupu. Kaza ukiwa umemaliza, tembea kama kilomita 50, kaza tena.

Dalili: upepo unapungua bila pancha kuonekana

Rimu nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa ajili ya tyubu. Hazina lile tuta dogo la ndani linalouzuia ukingo wa tairi usiteleze, na nyingine zimeunganishwa kwa riveti, kama baadhi ya Land Rover, au kwa spoki. Hewa inapita kwenye riveti na kwenye matundu ya spoki. Weka tyubu.

Lakini ukiweka tyubu ndani ya tairi la tyublesi, kagua ndani. Tairi la kisasa mara nyingi lina karatasi ya kibandiko au mistari iliyoinuka ndani, na tyubu ikisuguana nayo kwenye joto la barabara ya Gulu inatoboka bila msumari. Bandua vibandiko vyote, paka poda. Tyubu iwe ya saizi ileile. Kubwa mno inajikunja, na pale pakunja ndipo patakapopasuka. Kagua pia tundu la valvu: yapo ya milimita 11.5 hivi na yapo ya karibu 16. Valvu nyembamba kwenye tundu pana inacheza mpaka inakatika shingoni. Kuna kibushi cha mpira cha kujaza tofauti hiyo. Fundi wa pancha asipokuwa nacho, mnunulie.

Dalili: spidomita inadanganya, au gari limepoteza nguvu mlimani

Rudi kwenye hesabu. Peugeot 504 iliyotoka kwenye 175R14 ikapewa 185/65R14 imeshuka kutoka milimita 636 hadi 596. Ni asilimia 6. Spidomita ikisema 100, wewe uko 94. Injini inazunguka zaidi kwa kila kilomita. Na tumbo la gari limeshuka milimita 20, ndiyo maana ekzosi inagonga kila tuta la Ntinda. 195/70R14 yenye milimita 629 iko karibu zaidi, ukihakikisha upana unapita.

Land Rover fupi ni kinyume chake. Kwa kuwa 7.50R16 inauzwa kila kona kwa ajili ya malori madogo, mtu anaiweka badala ya 6.00. Kimo kinapanda kwa karibu asilimia 10, gia zote zinakuwa ndefu, na gari linaanza kuomba gia ya kwanza kwenye kilima ambacho zamani lilikipanda kwa ya pili.

Dalili: linadunda kama halina springi

Umeweka tairi zenye herufi C za taksi, zile za HiAce. 185R14C ina kimo kinachoelekea cha 504, na kwa pikapu yenye mzigo wa matoke ni chaguo zuri sana. Kwa saluni isiyobeba kitu, ubavu wake mgumu hauinami. Usipunguze upepo ili kulainisha. Nunua tairi la saluni.

Dalili: nyufa ubavuni wakati meno bado mapya

Umri. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na lisitembee hata kama lilitunzwa stoo. Watengenezaji kadhaa wakubwa wanataka tairi liondolewe likifikisha miaka 10, likiwa na meno au bila. Magari ya zamani hayamalizi meno, kwa hiyo umri ndio unaoyamaliza. Jihadhari na tairi "mpya" la saizi adimu lililokaa kwenye duka la mji mdogo. Kiwanda cha Nairobi kilichokuwa cha Firestone, baadaye cha tairi za Yana, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016, kwa hiyo hata tairi lake la siku za mwisho umri wake umeshafika ukingoni.

Mpira ukiisha mabegani pande zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Ukiisha katikati, ulizidi. Ukiisha bega moja, peleka kwenye alaimenti. Gari likivuta kushoto, kumbuka kwanza kwamba barabara zetu zimeinamia kushoto. Badilishana tairi za mbele, na uvutaji ukihamia kulia, mkosaji ni tairi.

Dalili: kila kitu kinafanya kazi, ila gari halipendezi

Hili nalo ni tatizo halali. W123 juu ya rimu za inchi 18 ni mzee aliyeazima viatu vya mjukuu. Kwa gari la miaka ya 1950, tairi la mstari mweupe mpana linakubalika. Kwa la miaka ya 1960 mstari uwe mwembamba. Kwa la miaka ya 1970 acha tairi jeusi. Rimu za chuma na wilikapu zake hazimwaibishi mtu: Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1963 na tena 1966, 1967 na 1968, na haikuwa na haja ya kumeremeta. Ukitaka rimu za mapambo, chagua za enzi ya gari: Minilite ya aloi kwa Mini, Rostyle ya chuma kwa Ford ya mwisho wa miaka ya 1960, na kwa Mercedes zile aloi za kiwandani za inchi 14 zilizotengenezwa na Fuchs.

Tairi zenyewe, Michelin bado wanatoa XZX ya 165SR15 kwa Beetle, na Vredestein wana mfululizo wa Sprint Classic. Zitakuja kwa kuagiza, na usafiri utauma. Unapoagiza, andika saizi kamili pamoja na R au pasipo R, uzito wa gari likiwa na mzigo, kama rimu ni ya tyubu, na kipenyo cha tundu la valvu. Sema wazi kwamba tarakimu za DOT zisizidi miaka miwili. Na agiza tano.